Wiki Saba Nilizofichwa Picha Yangu

Naitwa Asya. Nimezaliwa Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini, na kwa miaka ishirini na mitano nilikula kwa sindano: nikishona kofia za mkono, zile nyeupe za vitobo ambazo mzee huvaa Ijumaa na bwana harusi huvaa siku yake. Haya nnayasema kwa mdomo. Anayeandika ni mwanangu Nasra, kwa sababu vidole vyangu havishiki tena kalamu zaidi ya mistari miwili. Nimemwambia aandike kama nnavyosema, hata pale atakapoona haya.

Kansa ni kitu gani sitaeleza. Madaktari wapo, waulizeni. Mimi nataka kueleza habari ya picha moja iliyopigwa mwilini mwangu, iliyosema jambo la maana, na watu walionipenda wakakaa juu yake.

Uvimbe niliuona wakati wa kipupwe, nikioga. Ulikuwa titi la kulia, mgumu kama kokwa ya embe, na hauumi. Mtu huona afadhali kitu kisichouma. Nikakaa nao mpaka ngozi ya juu yake ikaanza kuvutika ndani, ndipo nikamwambia dada yangu Rukia.

Rukia ananizidi miaka kumi na moja. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimepelekwa Kizimkazi kwa shangazi, na niliporudi nikaambiwa mama alishikwa na homa ya ghafla. Tokea siku hiyo mama yangu akawa Rukia. Yeye ndiye aliyenioza, yeye ndiye aliyenipokea nilipoachwa na mtoto mgongoni. Anakaa Jang'ombe na mimi nnakaa mjini, lakini haikupita siku asinijulie hali. Kwa hiyo siku ya majibu ya hospitali alikuwa pembeni yangu, na daktari alipolitaja lile jina la ugonjwa aliyelia ni yeye. Mimi ndiye niliyemfuta machozi.

Daktari alikuwa mtu mpole, anasema polepole. Alitwambia uvimbe umeshakuwa mkubwa, hawezi kukata moja kwa moja. Kwanza nitiwe dawa za mshipa ili upungue, halafu ndiyo kisu.

"Dawa ziko namna mbili, Bi Asya," akasema. "Mwili wako utaitikia ipi, mimi sijui. Kwa hiyo utapigwa picha kabla ya dawa, na utapigwa nyingine baada ya dozi ya pili. Picha ile itatuonyesha mapema, kabla ya mkono wangu kuhisi. Ikiwa uvimbe umekubali dawa, tunaendelea. Ikiwa haukukubali, tunageuza dawa hapo hapo. Hatupotezi wakati na hatukuchoshi bure."

Mimi nalikumbuka lile neno lake, "tunageuza". Rukia halikumbuki. Anaapa kwamba alisikia "ikiwa haukukubali", kisha masikio yakaziba.

Mashine ile Unguja hatukuipata, tukavuka Dar kwa boti ya asubuhi. Wanaiita MRI. Matiti unayapigiwa picha umelala kifudifudi, yametumbukizwa kwenye matundu mawili kama mayai kwenye trei, mikono mbele, na unaambiwa usipumue kwa nguvu. Halafu inaanza kugonga. Ilinigongea kichwani kama mafundi bati, na katikati ya kelele ikaja dawa ya mshipani, baridi, nikaisikia inapanda mpaka begani. Niliogopa. Nikawa nahesabu vitobo vya kofia kichwani mwangu, mstari kwa mstari, mpaka ikanyamaza.

Mapokezi walituuliza nambari ya simu ya kupelekewa majibu. Rukia akatoa yake. Sikuona ubaya. Mimi nilikuwa sijui hata kesho nitaamkaje.

Dozi ya kwanza na ya pili nilitiwa hapa hapa, hospitali ya mjini, kwenye chumba chenye viti sita na feni moja inayozunguka huku ikilalamika. Pale utamjua mtu kwa anachochukua. Kulikuwa na bibi mmoja wa Bububu akija na malimau yaliyokatwa, akigawa kwa kila kiti, anasema, "Lambeni, lambeni, ladha ya bati itaondoka." Kulikuwa na muuguzi ambaye mishipa yangu ikijificha alikuwa akijaza maji ya moto kwenye glavu, akaifunga, akaniwekea juu ya mkono kama mkono wa mtu mwengine. Hao sitowasahau.

Simu nilikuwa siwezi kuitazama. Yale maandishi yakipanda juu na mimi natapika. Nyama harufu yake ikawa ya chuma. Nywele zilianza kutoka baada ya dozi ya pili, zinabaki kwenye mto kama manyoya ya kuku. Rukia akaja asubuhi na wembe mpya, akanikalisha uani, akaninyoa. Alininyoa taratibu, akipuliza nywele zisiniingie shingoni, na alipomaliza akakipaka kichwa changu mafuta ya nazi, akakibusu. Nayasema haya ili mumjue. Sio mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningejua la kufanya naye.

Tukavuka tena kwa picha ya pili. Siku tatu baadaye Rukia akapanda ngazi zangu na halwa mkononi, anahema.

"Picha imetoka," akasema. "Nzuri. Dawa inafanya kazi. Alhamdulillahi."

"Karatasi iko wapi?"

"Wamenisomea kwa simu. Karatasi itakuja."

Nilisujudu pale pale sakafuni, na kichwa changu kitupu. Halwa ile niliila, na sikuitapika. Nilimpigia Nasra, nikawapigia watu niliokuwa sijasema nao mwaka mzima.

Siku ya dozi ya tatu yule daktari mpole alikuwa hayupo, amekwenda masomoni, na aliyeshika nafasi yake alikuwa na wagonjwa mpaka uwanjani. Muuguzi akauliza picha. Mimi nilikuwa nshakaa kitini natafutwa mshipa. Rukia ndiye aliyejibu: "Wamesema aendelee." Katika faili langu mpaka leo upo mstari mmoja wa kalamu ya buluu: ndugu wa mgonjwa anasema picha nzuri, aendelee. Hakuna aliyepiga simu Dar kuuliza. Ulikuwa mstari mmoja tu, na ulitosha.

Dozi ya tatu ilinivunja. Mifupa iliniuma kama niliyebebeshwa magunia ya karafuu. Kisha ncha za vidole zikaanza kufa ganzi, kwanza miguuni, halafu mikononi. Nilishika sindano siku moja nikadhani nnayo, kumbe ilishaanguka zamani, nimeshika hewa. Lakini nilivumilia kwa furaha. Nataka mlisikie hilo. Nilivumilia kwa furaha, kwa kuwa nilijua kila nnapoumia mimi, na uvimbe unaumia. Yule bibi wa malimau akiniuliza hali, namwambia, "Yangu inafanya kazi, bibi. Picha imesema." Akinitazama kwa tamaa, maana yeye yake alikuwa bado hajui.

Wageni wakaanza kujaa. Ndugu ambao huwaona harusini tu wakawa wanakuja na vikapu, na mimi nadhani wamekuja kufurahi na mimi. Shangazi yetu akaja kutoka Kizimkazi, mtu mzima, hawezi ngazi, akapandishwa kwa kushikwa mikono miwili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku machozi yanamtoka. Akakaa kitandani kwangu, akanishika mguu.

"Asya mwanangu, kama kuna siku nilikukosea, nisamehe."

"Shangazi, umenikosea lini?"

"Nisamehe tu. Sema umenisamehe."

"Nimekusamehe, shangazi."

"Na mimi nimekusamehe yote. Nenda... kaa na amani."

Nilidhani ni uzee. Nasra naye akawa anatoka Bububu na mtoto wake kila siku ya pili, ananiweka mjukuu mapajani, anatupiga picha kwa simu. Siku moja alinipangusa miguu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kisha akainama akaibusu. Nikamcheka. "Vipi wee, umeona miguu ya bibi harusi?"

Hapa Nasra ameiweka kalamu chini. Nimemwambia aishike aendelee.

Mkono wangu mwenyewe ulikuwa unaniambia. Nikioga naugusa, na uko pale pale, na pembeni kwapani nikasikia kitu kingine kidogo kama punje ya choroko. Nikamwambia Rukia.

"Acha kujipapasa papasa," akasema. "Picha inaona zaidi ya mkono wako."

Ndivyo alivyosema. Nikauamini mdomo wake, nikaukanusha mkono wangu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza nilipotiwa dozi ya nne. Baada yake ilikuwa nipigwe picha ya tatu, ya kumwonyesha daktari wa kisu pa kukata. Rukia akasema ana presha, hawezi kuvuka. Tena akasema kwani picha nyengine ya nini, si ile ya pili nzuri? Akasema bahari chafu. Mimi nikashikilia. Nikenda na Nasra. Njia nzima mwanangu alitazama dirishani, na mimi nikadhani ni kichefuchefu.

Pale mapokezi nilitaja jina langu, yule binti wa kaunta akaandika, akanyanyuka, akaingia ndani. Akatoka na daktari wa picha, mwanamke kijana, miwani imepanda juu ya mtandio.

"Wewe ndiye Bi Asya?" akaniuliza. "Mbona hukurudi? Tulikungojea."

"Nirudi wapi, daktari? Si mlisema niendelee?"

Akamtazama Nasra. Nasra akatazama chini. Yule daktari akasema, "Twende ndani, mama. Wewe peke yako."

Akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta. Akaweka picha mbili, moja huku na moja huku. Sijasoma udaktari, lakini miaka ishirini na mitano nimepima vitobo kwa jicho, najua vitu viwili vikiwa sawa.

"Hii ya kabla ya dawa," akasema. "Hii ya baada ya dozi ya pili."

"Zote sawa."

"Hii ya pili imezidi kidogo. Uvimbe wako haukuijali ile dawa. Nilipiga simu mwenyewe kwenye nambari mliyoiandika, nikazungumza na dada yako, nikamwambia akupeleke kwa daktari wako ubadilishiwe, halafu urudi kwetu mapema kwa picha nyingine. Na karatasi nikaituma kwenye simu ile ile."

"Lini?"

Akanionyesha pembeni ya picha, tarehe ilipoandikwa. Nikahesabu. Wiki saba. Dozi mbili. Mifupa yangu, vidole vyangu, ile furaha yangu ya kijinga mbele ya bibi wa malimau. Wala sikulia. Nilimuuliza kama anaweza kunichapishia zile picha mbili, akanichapishia.

Nje Nasra alikuwa amesimama ukutani.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mama mkubwa alituambia tusiseme. Alisema ukijua utakufa mapema."

"Na nyinyi mkasemaje?"

"Tukalia."

"Shangazi?"

"Anajua."

Kumbe nyumba nzima ilijua. Wale wote waliopanda ngazi zangu na vikapu walikuja kuniaga. Nilikuwa nimekaa kitandani nawashukuru kwa kuja kwenye maziko yangu.

Tuliporudi Unguja sikupitia nyumbani. Bahasha mkononi, nikenda Jang'ombe moja kwa moja. Rukia alikuwa uani kwake, ungo mapajani, anachambua mchele. Hakunyanyua uso.

"Ushajua," akasema.

"Nshajua."

"Kaa kitako, Asya."

"Sikai. Nataka kujua tu. Yule daktari alikwambia dawa igeuzwe. Kwa nini hukunambia?"

Akaendelea kuchambua, lakini alikuwa hatoi mawe, anausogeza mchele tu.

"Weye hukumuona mama," akasema. "Ulikuwa Kizimkazi. Mimi nlimuona. Tulikwambia homa, haikuwa homa. Alikuwa na hii hii, tumboni. Daktari akamwita akamwambia, bibi, dawa imeshindwa. Akarudi nyumbani kwa miguu yake. Akavua buibui lake, akalikunja, akaliweka juu ya sanduku, akalala akageukia ukuta. Hakula tena. Hakumaliza mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza. Asya, ugonjwa ungemchelewesha. Lile neno ndilo lililomuua. Nikaapa halitosemwa tena katika nyumba yetu maadam niko hai."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mama yangu alikufaje. Miaka thelathini. Na nikasikia katika siku ile ile.

"Mama hakuwa na dawa nyengine," nikasema. "Mimi nilikuwa nayo. Ile picha haikuwa hukumu, Da Rukia. Ilikuwa inatuonyesha njia nyengine."

"Mimi nlisikia ya mama."

"Mie si mama!"

Nikainama mbele ya ungo wake, nikatia vidole kwenye mchele, nikajaribu kuokota punje moja. Ikanikwepa. Nikajaribu tena. Rukia akawa ananitazama. Nikajaribu mpaka jasho likanitoka, na sikuweza kunyanyua punje hata moja. Nikasimama, nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia ungo unaanguka.

Nikaanza dawa ya pili, ile nyekundu. Inaingia nyekundu na unakojoa nyekundu. Daktari mpole alikuwa amerudi. Alisoma ule mstari wa kalamu ya buluu katika faili langu, akafunga faili, akaniomba radhi kwa niaba ya watu ambao hawakuniomba. Nikamuuliza, "Tungegeuza wakati ule, ingekuwaje?"

"Sitokudanganya," akasema. "Huenda kifua kingekuwa hivi hivi. Kwapani, sijui. Lakini vidole vyako vingekuwa na uhai zaidi."

Nilimshukuru. Ni mtu wa kwanza kunipa ukweli mdogo kama ulivyo, haukukuzwa wala haukupunguzwa.

Dawa nyekundu ilinitoa vidonda mdomoni mpaka kooni. Nilikunywa uji wa mtama kwa mrija. Kiti cha bibi wa malimau kilikuwa na mtu mwengine, na sikuuliza. Nasra alihamia kwangu na mtoto, akafua, akapika, akaamka nami. Hakuniomba msamaha kwa maneno na mimi sikumdai. Rukia akija nilimwambia Nasra amwambie nimelala. Akiwacha supu kwenye ngazi, nikiisikia harufu ya pilipili manga na ndimu, najua ni yake. Wakinywa majirani.

Safari hii nambari ya simu ilikuwa yangu. Baada ya dozi ya pili ya dawa nyekundu nikapigwa picha, na yule daktari kijana akanipigia mwenyewe. Ilikuwa katikati ya Shaabani, asubuhi, nimekaa dirishani, chini wauza mboga wanagombana.

"Bi Asya, umepungua," akasema. "Umepungua sana. Ukingo wote wa uvimbe umerudi ndani."

Nilimshukuru nikakata. Na neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa jina la Rukia. Tokea utotoni mimi jambo likinipata, liwe zuri liwe baya, halikamiliki mpaka nimwambie Rukia. Nikaishika ile simu. Nikaitazama nambari yake. Nikaiweka.

Nikamwita Nasra nikamwambia, na nikamkataza. "Mama yako mkubwa asijue. Akiuliza, mwambie bado hatujaambiwa."

"Mama, si vizuri."

"Ulinificha mimi wiki saba. Mfiche na yeye."

Akanitii. Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Watu walinisimulia kwamba Rukia amekonda, anasali tarawehe huku analia mpaka wanawake wa mstari wake wanamshika. Alikuwa anaamini ananizika. Nami nimekaa mjini na habari njema kama nimeficha chakula mbele ya mwenye njaa. Sitawaambia kwamba nilikuwa naona vibaya. Siku nyengine niliona vibaya. Siku nyingi niliona raha.

Nilikatwa titi baada ya Idi, masika yamekolea. Nilipozindukana, kifua kimefungwa, mrija unatoa maji ya damu kwenye kichupa, Nasra akaninong'oneza kwamba mama mkubwa yuko nje tokea alfajiri, amekaa kwenye kiti cha plastiki, hataki kuingia mpaka aitwe.

"Mwite."

Akaingia. Alikuwa amezeeka. Akasimama miguuni pa kitanda, mikono ndani ya buibui.

"Picha ilikuwa nzuri," nikamwambia. "Dawa ya pili ilifanya kazi. Nilijua tokea Shaabani."

Akatoa mikono ndani ya buibui, akashika chuma cha kitanda.

"Ulijua Ramadhani nzima?"

"Nilijua."

"Na ukaniwacha?"

"Nilikuwacha."

Akavuta pumzi. "Haya," akasema. "Basi tushakuwa sawa."

"Hatukuwa sawa, Da Rukia. Weye umepoteza usingizi. Mie nimepoteza mkono."

Akazunguka kitanda, akaona kichupa cha damu kimejaa, akenda kumtafuta muuguzi.

Kwapani walikuta tezi nne zina ugonjwa, wakazitoa. Kwa sababu hiyo mkono wa kulia huvimba ikifika adhuhuri, mzito, unang'aa kama wa maiti ya majini. Baada ya hapo nikakaa Dar wiki nyingi kwa kuchomwa mionzi, nikarudi na kifua cheusi kama kilichobabuka kwa moto. Sasa mwaka umepita na picha zangu ni safi. Kofia sishoni. Mashine ya cherehani sikuijua na sasa siwezi kujifunza. Rukia huja kunifunga vifungo na kunisukia mjukuu. Tunakula sahani moja. Kuna siku tunacheka. Kuna siku namtazama akichambua mchele, nanyanyuka naondoka.

Nisingeyasema haya. Lakini mwezi uliopita Rukia alikuja na mwanamme, jirani yake wa Jang'ombe, seremala, bahasha ya hospitali ameibana kwapani. Rukia akakaa karibu na mlango.

"Mweleze weye," akanambia. "Mimi sina uso."

Yule bwana akaeleza. Mkewe ana kansa ya titi, ametiwa dozi mbili, amepigwa picha, na picha imetoka mbaya. Alikwenda kwa Rukia kuuliza namna ya kumficha. Kwa sababu Jang'ombe yote, nilikuja kujua siku ile, inasema kwamba Rukia alimficha nduguye, na kwa kufichwa nduguye akapata nguvu, akapona.

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

"Bwana," nikamwambia, "nimepona kuanzia siku niliyofichuliwa. Tazama." Nikamnyooshea mkono wangu uliovimba. "Hii ndiyo faida ya kufichwa. Mpeleke mkeo kwa daktari leo, wamgeuzie dawa."

"Nikimwambia atakata tamaa. Namjua mke wangu."

"Dada yangu pia alikuwa ananijua."

Akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa adabu, akaondoka na bahasha yake.

Wiki mbili baadaye Rukia akaniletea habari kwamba yule mwanamke amekwenda dozi ya tatu. Dawa ile ile. Amerudi anawaambia majirani picha yake nzuri.

Juzi nikamwambia Rukia anipeleke kwao. Nilidhani atakataa. Akalichukua buibui lake msumarini, akanifunga vifungo vyangu, tukatoka. Aliyefungua mlango ni mgonjwa mwenyewe, kijana kuliko nilivyomdhania, kitambaa kichwani, nyusi zimeshatoka. Akatabasamu, akatupa shikamoo. Tukaitikia. Nikawa natafuta neno la kuanzia, na lile neno likawa haliji.

Rukia ndiye aliyesema. Alisimama mbele yangu.

"Mwanangu, mumeo ana bahasha yako. Ile picha haikuwa nzuri. Lakini kuna dawa nyengine, na huyu hapa ndiye aliyetiwa."

Yule mwanamke akatutazama, mmoja baada ya mwengine. Tabasamu likamtoka usoni. Kisha akausogeza mlango, tukaingia.